Sanduku Baba Alilomjengea Mama

Juzi nilikwenda soko la Gikomba kumtafutia mwanangu kitanda. Fundi alikuwa ametoka kupaka vanishi ubao wa kichwani, akaniambia niinamie karibu nione jinsi mbao zilivyong'aa. Niliinama. Harufu ikanipanda puani, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa nimeshika nguzo ya kibanda chake kwa mikono miwili. Aliniuliza kama nilikuwa nimekula asubuhi. Nilimwambia ni jua tu. Ningemwelezaje mtu nisiyemjua kwamba tangu nikiwa darasa la tatu harufu hiyo hunifanya nitake kukimbia nyumbani, nikaangalie kama watu wangu wote wapo?

Tuliishi Makongeni, katika zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Wenzangu mliokulia huko mnazijua: chumba kimoja na jiko, ua wa saruji mnaogawana na majirani, mfereji mmoja pembeni na kamba za nguo juu ya vichwa. Baba alikuwa seremala wa karakana. Alitengeneza viti na milango ya mabehewa, na jioni alirudi na vumbi la mbao kwenye nyusi, mdogo wangu Wafula akimkimbilia kulipuliza. Mama aliuza mboga karibu na lango la mtaa. Kitanda chao kilikuwa nyuma ya pazia, sisi watoto tukilala upande wa pili wa pazia hilo hilo, na usiku niliweza kunyoosha mkono chini yake nikagusa kisigino cha Mama.

Mama alianza kukohoa wakati wa baridi. Mwanzoni alisema ni vumbi la barabarani. Kisha akaacha kwenda kibandani, na sketi yake ya bluu ikaanza kuteleza kiunoni mpaka akaishika kwa pini. Kila asubuhi alijifunga leso na kwenda kliniki, akarudi akichechemea na mkono mmoja kwenye nyonga. Hakuna aliyeniambia kwamba alikuwa akidungwa sindano. Niliona tu kwamba ugonjwa umetoka kifuani na kushuka, nikawa nasubiri ufike miguuni umalize.

Kikohozi nilikizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni kwamba Mama aliacha kunigusa. Alikuwa na kikombe chake na sahani yake, akivisuuza peke yake kwa maji yaliyochemka. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso ameuelekeza nje, na nikimsogelea alininyooshea kiganja kama anayesimamisha gari. "Kaa hapo hapo mama, nakusikia." Nywele zangu alizokuwa akizisuka kila Jumapili sasa zilisukwa na Mama Akinyi, jirani tuliyeshikana naye ukuta. Mama Akinyi alikuwa na mkono mzito, na machozi yakinitoka alidhani ni kichwa kinachouma.

Basi siku moja mkokoteni ukaingia uani ukiwa na sanduku refu la mbao, limefungwa mikanda ya chuma na kupigwa mihuri. Baba na rafiki yake wa kazini, Joram, walilishusha wakipumua kwa nguvu. Mama alichungulia kutoka kwenye kigoda chake.

"Sanduku limefika," Baba akamwambia.

"Ni kubwa?"

"Linakutosha. Hata utajigeuza vizuri."

Mama akacheka kidogo, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Nitawaeleza sasa kilichokuwa ndani, ingawa mimi mwenyewe nilikielewa baadaye sana. Karakana ilikuwa na mhandisi mmoja mzungu aliyeagiza kutoka kwao nyumba ndogo ya mbao ya kulala safarini, ile ya kuvutwa nyuma ya gari. Ilikuja kwa meli ikiwa vipande: pande mbili za plaiwudi zilizokatwa tayari, mbavu za paa, bawaba, skrubu kwenye vifuko, kioo kimoja cha mviringo, magurudumu mawili, na karatasi za kuonyesha nini kinaingia wapi. Mtu alitakiwa kuiunganisha mwenyewe. Yule mhandisi aliota kuzunguka nayo Bonde la Ufa, lakini aliitwa kwao kabla hajafungua hata mkanda mmoja, na kwa kuwa alizoea kunywa chai na Baba akamwachia.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilichojua ni maana ya sanduku. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amefariki jirani yetu, Mzee Opiyo, aliyekuwa dereva wa garimoshi. Watu wazima hawakusema jeneza. Walisema, "Sanduku linatoka Gikomba saa nne," na, "Sanduku litapanda basi la jioni." Lilipofika liliwekwa uani juu ya viti viwili, likinukia vanishi mbichi. Upande wa kichwani lilikuwa na kidirisha cha kioo. Shangazi mmoja aliniinua kwapani nikamwona Mzee Opiyo chini yangu, pamba puani, na juu ya uso wake kivuli cha uso wangu mwenyewe. Kisha wanaume walilifunga juu ya basi kwa kamba, likaenda magharibi, na Mzee Opiyo hakurudi.

Akinyi, binti wa jirani, alikuwa darasa la sita na ndiye aliyetusomea Kiingereza chochote kilichoandikwa popote, hata kwenye pakiti za sabuni. Tulisimama mbele ya sanduku siku ile ile, Baba akiwa amekwenda kurudisha mkokoteni.

"Labda ni kabati," nikasema.

"Zii, hiyo si kabati." Alipitisha kidole juu ya herufi kubwa nyeusi zilizopigwa ubavuni. "Imeandikwa *Teardrop*. *Tear* ni machozi. *Drop* ni kuanguka." Alifikiri kidogo. "Ni sanduku la machozi kuanguka."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema jibu darasani, kisha akaenda kuruka kamba.

Jioni hiyo Baba na Joram walikaa nje ya mlango wakinywa chai. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, na dirisha lilikuwa wazi.

"Lazima liwe tayari kabla ya mvua," Baba alisema. "Atalala humo peke yake. Sitaki watoto wawe karibu."

"Umewaambia?"

"Nitawaambia nini? Wadogo hawa."

Kisha treni ikapita, tukatikisika sote kama kawaida, na ilipomaliza kupita nikasikia tu mwisho wa maneno ya Baba: "...nafunga magurudumu, namvuta hadi nyumbani Bungoma."

Alikuwa amesema "akipona." Neno hilo treni ililichukua, nami nilikuja kulijua baadaye sana. Nilibaki na maharagwe mkononi, nikitazama mgongo wa Baba, mgongo ule ule niliobebwa juu yake nikiwa mdogo, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa.

Alijenga kila siku baada ya kazi, mpaka giza lilipomkataza. Alitandaza zile karatasi za picha chini, akaweka mawe juu yake zisipeperuke, akawa anageuza kichwa huku na huku kuzielewa. Pande mbili zilisimama kwanza. Hazikuwa na umbo la jeneza la Mzee Opiyo. Zilikuwa za mviringo mbele na zikateremka nyuma zikiwa nyembamba, na niliposimama mbali niliona Akinyi alisema kweli, lilikuwa umbo la tone la chozi likiwa limelala ubavu. Mbavu zikaingia, moja baada ya nyingine. Plaiwudi nyembamba ya paa Baba aliimwagia maji ya moto ili ikubali kupinda, akaibana na kuilalia kwa kifua, ikalia kama mtu anayeumia. Niliziba masikio. Wafula alipiga makofi.

Niliota kwamba Mama amelala humo na mimi ninapita juu yake na treni. Shuleni nilianza kushindwa kumsikia mwalimu. Nilimwachia Mama nyama yangu, nikisema nimeshiba, kwa sababu nilimsikia Mama Akinyi akisema aliyekonda sana hawezi kupona. Niliomba kanisani mpaka magoti yakawa na alama za mkeka. Na kila niliporudi nyumbani sanduku lilikuwa limesogea mbele kidogo.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza Baba. Alikuwa akipiga msasa, hakuinua kichwa.

"Baba, hii ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kulala."

"Atalala mpaka lini?"

Msasa ukasimama. Alitazama upande wa mlango, Mama alikokuwa ameketi. "Mpaka Mungu atakaposema, Nekesa. Nenda ndani, vumbi hili si zuri kwako."

Kesho yake alimwita Mama. Sakafu ya sanduku ilikuwa imekamilika na upande mmoja ulikuwa bado wazi. Mama alivua viatu, akaingia taratibu, akalala chali, mikono juu ya tumbo. Baba alichuchumaa, akaweka kipimo chake cha kukunjwa kutoka nyayo za Mama hadi ukutani, kisha kutoka kichwani.

"Miguu imenyooka?"

"Imenyooka."

"Kichwa?"

"Kuna nafasi. Niwekee tu kamto."

Walizungumza kwa upole kama watu wanaopanga kitanda. Nilikuwa nimesimama mferejini, ndoo imejaa na kumwagika juu ya miguu yangu, nami sikufunga maji. Hata yeye amekubali, nikawaza. Wamekubaliana wote wawili, na mimi na Wafula hatukuulizwa.

Siku chache baadaye Baba alipachika mlango mdogo ubavuni, na katikati ya mlango akaweka kile kioo cha mviringo. Nilijua kioo cha sanduku ni cha nini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alikuwa amemaliza vanishi ya ndani, akaenda Soko la Burma kutafuta mifupa ya supu, maana nesi alisema Mama ale vizuri. Wafula alikuwa kwa Mama Akinyi. Mama alikuwa amelala nyuma ya pazia, nikisikia kifua chake kikikwaruza. Nilitoka nje. Ua ulikuwa mtupu, na sanduku lilikuwa limekaa juu ya matofali yake likimeremeta.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hili kwa muda, na lilionekana kuwa na akili kabisa. Sanduku likiwa na mtu halina nafasi. Nitaingia, nitalala kwa mshazari, nitapanua mikono na miguu ifike kila pembe, nao wakija na Mama watakuta limejaa. Watalazimika kungoja. Nilikuwa tayari kukaa humo siku nyingi kadiri itakavyohitajika, nami nilikuwa nimebeba mkate mfukoni.

Niliingia. Nikauvuta mlango nyuma yangu.

Ulilia *tak*. Komeo lilikuwa la nje. Kishikio cha ndani Baba alikuwa bado hajakifunga, palikuwa na tundu tu mahali kitakapokuwa, na tundu la hewa la paani alikuwa amelizibia gazeti ili vumbi lisishike vanishi. Harufu ile ambayo nje ilikuwa harufu tu, ndani ilikuwa kitu kizito kilichonikalia usoni. Macho yalichoma. Nilivuta pumzi, na pumzi ikakataa kuingia yote. Nilijaribu kusukuma mlango kwa kiganja, kisha kwa bega, kisha kwa miguu, na plaiwudi ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa wenyewe kwa adabu.

Niliita "Mama." Sauti ilinirudia masikioni. Hakuna iliyotoka nje.

Niligeuka nikalala chali kwa sababu kichwa kilikuwa kikizunguka, na hapo ndipo nilipokiona kile kioo cha mviringo, na ndani yake kipande cha mbingu na shati la Baba likining'inia kwenye kamba. Nilikuwa nikitazama kutoka upande wa Mzee Opiyo. Hivi ndivyo alivyotuona, nikawaza, alituona sote tukiinuliwa kwapani mmoja mmoja, na hakuweza kusema. Sijawahi tena kuogopa kwa namna ile. Mkojo ulinitoka. Nilipiga mayowe ambayo sijui yalikuwa na maneno gani.

Kisha shati likafichika na uso ukajaa kwenye kioo. Alikuwa Mama. Hakuwa na kitambaa kichwani, na mdomo wake ulikuwa wazi.

Mlango ulifunguka, mikono yake ikanishika chini ya makwapa ikanivuta nje, mikono iliyokuwa myembamba kama fito lakini ilinivuta, na tukaanguka pamoja juu ya saruji. Alinibana kifuani. Nilihisi mifupa yake yote. Halafu akakumbuka, akageuza uso wake mbali, akautazamisha ukutani, lakini mikono hakuiachia. Alikohoa kuelekea ukuta huku amenishika, akakohoa mpaka akaishiwa nguvu.

"Uliingia humu kufanya nini?" aliuliza, bado akitazama ukuta.

"Nilitaka lijae."

"Lijae nini?"

"Ili wewe usiingie."

Alinifuta uso kwa kiganja.

"Nani alikwambia hili ni la kufanyia nini?"

"Ni la kukuzika," nikasema. "Lina kioo. Na Baba alikupima."

Mama hakulia. Alinisogeza taratibu mpaka nikakaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, akaniambia nimtazame. Akaniambia ana ugonjwa wa kifua unaoitwa TB, na kwamba unapita kwa pumzi, kutoka mtu hadi mtu, hasa watu wanaolala chumba kimoja. Nesi alimwambia alale mahali penye hewa, mbali na watoto, mpaka dawa zishike. Shangazi yangu wa Njiru alikuwa tayari kumpokea, lakini Baba alikataa. Alisema Njiru ni mbali, watoto hawatamwona mama yao. Alimjengea chumba pale uani ili aweze kunipungia mkono nikienda shule.

"Kwa hiyo hufi?"

"Nesi anasema nikimaliza dawa zote nitapona."

"Na usipomaliza?"

"Nitamaliza."

"Na ukimaliza na bado?"

Aliinuka akijishikilia ukutani. "Twende nikubadilishe nguo," akasema.

Baba alirudi na mifupa imefungwa kwenye gazeti. Mama alimsimulia mlangoni kwa sauti ya chini. Nilimwona akiweka ile mifupa chini, kwenye saruji, ambako paka wangeichukua, akakaa kwenye benchi lake la kazi. Kisha akaniita.

"Mimi nilidhani unaona nyumba," alisema. "Kila siku unapita hapa, nikajua unaona najenga nyumba."

Alichukua bisibisi, akakifunga kishikio cha ndani saa ile ile, akaniambia niingie nijaribu kufungua. Sikutaka. Akaingia yeye, akajifungia, akafungua mwenyewe, akajifungia tena, akafungua tena, mtu mzima aliyekunjika kama kisu, mpaka nikakubali kwamba mlango unafunguka. Halafu akakitoa kile kioo cha mviringo, akaweka wavu wa kuzuia mbu. Mwisho akashika msumeno na kuniuliza dirisha la Mama liwe upande gani. Karatasi za mzungu hazikuwa na dirisha lingine. Nilionyesha upande unaotazama mlango wetu. Akaweka alama kwa penseli, akakata.

Ningependa kusema kwamba hofu iliisha hapo. Ilibadilika tu. Mwanzoni niliogopa sanduku, kitu cha mbao ninachoweza kukiona. Sasa niliogopa kitu kilichokuwa ndani ya kifua cha Mama, chenye jina, ambacho watu wakikitaja walipunguza sauti. Mama alihamia humo na godoro, taa na redio ndogo. Nyuma, pale mzungu alipotaka kupikia akiwa safarini, Baba aliinua mfuniko, Mama akapanga kikombe chake, sahani yake na chupa za dawa. Asubuhi nilimwachia uji kwenye kigoda, nikarudi hatua chache, naye akafungua dirisha nililolichagua akaniambia vitabu vyangu vipo, soksi zangu zimegeuzwa, nikimbie nisichelewe. Mvua zilipoanza, zilipiga lile paa la mviringo kwa kelele, nami kitandani nilitega sikio ili nisikie kikohozi chake katikati ya kelele hizo.

Majirani walianza kuwazuia watoto wao kucheza nasi. Wafula aliyekuwa rafiki wa kila mtu akawa anacheza peke yake na vifuniko vya soda. Alasiri moja walikuja wanaume watatu, mmoja wao mzee wa ua wa pili, aliyekuwa msemaji wa wapangaji. Baba alikuwa amevaa ovaroli bado.

"Hatuna ugomvi na wewe, Baba Nekesa," yule mzee alisema. "Lakini watu wana wasiwasi. Ugonjwa huo tunaujua. Mtu hakondi hivyo bure. Na hiki kibanda hakikuidhinishwa. Mpeleke mama nyumbani, akatunzwe na wazee."

Baba alifungua mdomo, lakini aliyeongea alikuwa Mama Akinyi. Alikuwa kwenye beseni lake la kufulia, mikono ina povu hadi viwikoni.

"Nani ana wasiwasi?"

"Watu."

"Mimi ndiye ukuta wangu umeshikana na wao. Mimi ndiye ninayekoholewa. Mbona hamkuniuliza mimi?"

"Mama Akinyi, tunaongea na mwenye nyumba."

"Huyo mgonjwa analala nje kwenye mvua ili mtoto wako asiugue. Wewe ungelala nje kwa ajili ya mtoto wangu?"

Nilikuwa nimejificha nyuma ya shuka zilizoanikwa, na niliona dirisha la Mama likiwa wazi kidogo na vidole vyake vimeshika ukingo. Wale wanaume walisema watarudi. Hawakurudi, lakini kwa majuma mengi kila nilipotoka shule nilikimbia njia nzima, nikiwa na hakika kwamba nitakuta matofali matupu.

Kupona kwa Mama hakukuwa na siku. Sindano ziliisha, vidonge vikaendelea. Tulipelekwa kliniki sisi sote, tukapimwa, tukaonekana hatuna kitu. Siku moja pini ya sketi haikuhitajika. Siku nyingine niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, akanyoosha mkono kama alivyozoea, na nikasimama kama nilivyozoea, kumbe safari hii alikuwa ananiita. Alikuwa ameshika kitana. Nilikaa kati ya magoti yake akanisuka nywele mpaka jua likazama, polepole, akifumua na kuanza upya ingawa mistari haikuwa na kasoro.

Hata hivyo aliendelea kulala uani. Nesi alikwisha kumruhusu kurudi ndani, lakini yeye mwenyewe aliogopa, na mimi, nisiwadanganye, nilianza kupapenda pale. Nilikijua kila kipande. Akiwa humo nilijua alipo.

Kisha akaja mama mmoja kutoka upande wa pili wa mtaa, mtu tuliyemjua kwa sura tu. Alisimama mbele ya Baba, mikono ameiviringisha ndani ya leso. Mume wake alikuwa ameanza sindano, na walikuwa na watoto wanne chumba kimoja. Alikuwa amesikia habari za sanduku letu.

Baba alimtazama Mama. Mama akaingia ndani ya sanduku, akatoa godoro, taa na redio, akapanguza sakafu kwa dawa, akafungua madirisha yote. Jumamosi hiyo Baba na Joram walifunga yale magurudumu yaliyokuwa chini ya kitanda chetu muda wote. Hapakuwa na gari la kulivuta. Walilisukuma kwa mikono, watoto wa mtaa wakifuata kama harusi, Wafula mbele yao wote, akiamuru watu wapishe. Mimi sikufuata. Nilibaki nikitazama alama iliyobaki kwenye saruji, nyeupe, isiyoguswa na mvua. Nilikuwa nawaza jambo moja: ugonjwa ukirudi, Mama atalala wapi?

Jumapili, baada ya kanisa, Mama alisema amechoka. Alivua viatu, akapita pazia, akalala kwenye kitanda chake cha zamani. Baba alimtoa Wafula nje. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na mto. Ilikuwa alasiri tulivu, Akinyi na wenzake wakiruka kamba uani, na ndani hapakuwa na sauti yoyote. Kwa miezi yote ile kikohozi ndicho kilichoniambia kwamba yupo. Sasa hakikuwepo. Uso wake ulikuwa umetulia mno. Nilisubiri, kisha nikainama, nikasogeza kiganja changu mbele ya pua yake.

"Ninapumua, Nekesa," alisema bila kufumbua macho. "Nenda ukacheze."

"Ndiyo, Mama."

Nilikwenda hadi mlangoni. Hapo nikageuka, nikalisogeza pazia kidogo, nikakaa kizingitini mahali ambapo ningeweza kuliona blanketi likipanda na kushuka. Akinyi aliniita, kamba imeshikwa pande mbili, zamu yangu imefika. Nilimwambia aruke yeye, mimi nina kazi.